Majibu Mawili ya Magnesiamu Yaliyotaka Kunihamisha Mountain View

Wakuu, hamjambo? Leo nawaandikia kwa furaha. Haya ni ya kweli. Karatasi zote mbili ziko hapa mezani.

Mimi ni mjane. Naishi Mountain View, hapa Nairobi, katika nyumba niliyojenga na marehemu mume wangu.

Tarehe 3 Februari nilipimwa damu katika maabara moja Kangemi, kwa sababu misuli ya miguu ilikuwa ikikaza na vidole vikitetemeka. Magnesiamu: 1.5. Iko chini.

Daktari wangu wa mjini alishuku dawa ya asidi ya tumbo niliyoimeza kwa miaka mingi. Akaibadilisha, akaniandikia vidonge vya magnesiamu.

Jumatatu, tarehe 17 Machi, nilipimwa tena, safari hii katika maabara ya katikati ya jiji. Jibu: 0.78.

Nikalituma kwenye group ya familia. Kosa langu: niliandika namba tupu.

Mwanangu Mwangi, anayeishi Kileleshwa, alipiga simu papo hapo.

"Mum, imeshuka nusu! Saturday nakuja na pickup. Unahamia kwangu, hiyo nyumba tuweke tenants."

"Lakini miguu haikazi tena, Mwangi."

"Mum, wewe si daktari. Number ni number."

Nililia kidogo. Kisha nikavaa miwani.

Karatasi ya Kangemi ilisema miligramu kwa desilita. Ya mjini ilisema milimoli kwa lita.

Milimoli! Wakuu, niliingia darasa la gumbaru, la elimu ya watu wazima, nikiwa na miaka 46, nikafanya mtihani wa KCSE wa kidato cha nne nikiwa na 53. Wakati huo Mwangi alinitania, "Sasa Mum, hizo moles za kemia utapikia nani?"

Siku ya kuzipika ilikuwa imefika.

Lita moja ni desilita kumi, hivyo 1.5 ni miligramu 15 kwa lita. Uzito wa atomu ya magnesiamu ni 24, yaani milimoli moja ina miligramu 24. Kumi na tano ukigawanya kwa 24 unapata takriban 0.62.

Kutoka 0.62 hadi 0.78. IMEPANDA!

Tena, kwenye mstari uo huo, maabara ilikuwa imeandika kiwango chake cha kawaida: kuanzia 0.70.

Hata hivyo sikutaka kujitibu kwa kalamu. Tarehe 18 asubuhi nilikuwa mbele ya daktari. Akasoma hesabu yangu, akacheka.

"Mama, uko sawa kabisa. Imerudi kawaida. Endelea na dawa, tutapima tena."

Nikampigia Mwangi. Nikamsomea hesabu yote.

"Aki Mum... ni moles?"

"Ni moles, mwanangu."

Nilichojifunza: usilinganishe majibu ya maabara mbili kabla ya kusoma kipimo kilichotumika na kiwango cha kawaida kilicho kando yake. Kisha umwone daktari.

Pickup ilikuwa imeshalipiwa, kwa hiyo Jumamosi tarehe 22 ilifika. Nilimtuma Mwangi nayo Kangemi, akaniletea mbolea ya mboga zangu za terere hapa nyumbani.

Nanyi wakuu, toeni karatasi zenu za zamani mzitazame. Nani mwingine aliwahi kuogopeshwa na namba tupu?