Nilimshonea Wifi Yangu Sponji Badala ya Kumpeleka Hospitali

Nimekosa. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia halafu ukajuta huruma yako. Nimekosa kwa mdomo wangu na kwa mikono yangu hii, na aliyeumia si mimi.

Jina langu silitaji. La wifi yangu nalo nalificha, hapa nitamwita Zaina. Alikuwa mke wa kaka yangu, wanakaa Maramba na mashamba yao ya machungwa. Mimi nipo Tanga mjini, Mabawa, nauza sidiria za mtumba, mwaka wa kumi na mbili huu. Acha nijisifu kwa mara ya mwisho: mwanamke akipita mbele ya meza yangu na baibui lake, namba yake naijua kabla hajasema anataka nini.

Wanawake wengi wanavaa sidiria zisizo zao. Mtu namba yake thelathini na nne, anachukua thelathini na nane kwa sababu ndiyo anayovaa shoga yake. Mkanda unapanda mgongoni, mbele kunaning'inia, halafu anasema sidiria za siku hizi mbovu. Ukimwambia njoo nikupime, anaona haya. Basi nikaamua wajipime wenyewe nyumbani, wanitumie namba kwa simu. Nikarekodi sauti, nikaitupia kwenye kundi letu la WhatsApp. Wallahi, ungenisikia ungedhani mwalimu wa chuo!

"Shika futi ya fundi. Zungusha chini ya matiti, iwe sawa mbele na nyuma, toa pumzi, soma. Hiyo ndiyo namba ya mkanda. Sasa zungusha juu, pale palipojaa, usibane. Toa ile ndogo kwenye hii kubwa. Ikizidi inchi moja, kikombe A. Mbili, B. Tatu, C. Nne, D. Ukimaliza, pima titi mojamoja, toka mfupa wa katikati ya kifua mpaka kwapani, maana hayajazaliwa pacha hayo."

Hilo la kupima mojamoja ndilo nililojivunia kuliko yote. Wateja wakanisifu, na mimi sifa zikanilevya. Kila namba niliyotumiwa niliiandika kwenye daftari.

Zaina alikuwa wa kwanza kujipima. Kulia inchi nane, kushoto nane. Nikamchagulia sidiria tatu nzuri, nikampa kondakta wa basi la Maramba ampelekee. Akanipigia kunishukuru, anacheka, anasema amekuwa mwari upya.

Mwaka uliofuata, siku chache kabla ya Ramadhani, akapiga tena.

"Wifi, hili la kushoto limekuwa tisa."

"Umepima vibaya wewe. Futi umeilaza."

"Nimerudia mara tatu. Halafu zito, wifi. Najihisi nimeelemea upande."

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye kosa langu. Kwetu wifi ni mtani. Usipomchokoza anauliza nimekukosea nini. Mimi na Zaina tulikuwa hatuwezi kusema maneno matatu bila kutiana utani, na huo utani ndio uliokuwa mapenzi yetu. Basi nikaangua kicheko.

"Mwambie kaka yangu abadili upande wa kulalia! Mwanaume gani huyo anapendelea!"

Akacheka naye. Nikamtumia sidiria yenye kikombe kikubwa zaidi. Kwa akili yangu, aliyenipigia ni mteja, na mteja dawa yake ni sidiria.

Ilipopita Idi ya kuchinja akapiga mara ya pili.

"Wifi, limefika kumi. Na chini yake ngozi imefanya vitundutundu, kama ganda la chungwa."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Si umeolewa na mkulima wa machungwa? Ulitaka liwe ganda la nini, la embe?"

Lo! Ya Rabbi nisamehe. Alicheka, lakini kicheko kilikawia kuja. Nilikisikia kilivyokawia, nikajifanya sikusikia, nikamuuliza habari za mvua.

Mara ya tatu hakupiga simu. Alikuja mwenyewe mpaka Mabawa, siku ya Alhamisi, huku nyuma amemwambia kaka yangu anafuata nguo za mtoto. Aliponiamkia tu nikajua kuna jambo, maana alinisalimu kwa adabu. Zaina kunisalimu kwa adabu! Tukaingia chumbani, akafungua dera.

Nilimpima kwa mikono yangu. Kushoto palikuwa pamevimba, pekundu kidogo, pana joto. Futi ilipofika kwapani vidole vyangu vikagusa kitu kigumu. Kikubwa kama tunda la kungu, na hakisogei.

"Nipeleke hospitali, wifi," akasema. "Peke yangu naogopa. Na kaka yako sijamwambia."

Hapo ndipo nilipopaswa kuchukua baibui langu msumarini tukatoka. Badala yake nikafungua mdomo.

"Hospitali ukavuliwe nguo na vijana wa kiume? Halafu tusikie huko kote mke wa fulani kaharibika kifua? Maziwa hayo yameganda tu. Si umemwachisha mtoto juzi?"

"Miaka miwili, wifi."

"Basi ndiyo yameganda kabisa! Kanda maji ya moto, yataisha. Na kaka yangu usimwambie. Sisi ulipokuwa ndani tulikufunda nini? Mwanamke hamwonyeshi mumewe kasoro."

Nilisema "tulikufunda" kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Siku saba kabla ya ndoa yake tulimkalisha ndani mimi na wakubwa wengine, tukamfundisha usafi, heshima na kumsitiri mume. Kwa hiyo neno langu kwake halikuwa la wifi tu. Lilikuwa la aliyemfunda, na mwari halibishi neno hilo hata akiwa na watoto watatu.

Akainamisha kichwa. Mimi nikainuka kwa mbwembwe, nikachana mto wa kiti cha zamani, nikakata sponji, nikaishonea ndani ya kikombe cha kulia ili kilingane na cha kushoto. Nilishona vizuri, uzi hauonekani. Akavaa, akavuta dera, akajitazama kwenye kioo. Pande zote sawa.

"Umeona?" nikamwambia. "Hapo hata malaika hajui."

Akasema, "Ahsante, wifi." Akapanda basi la saa nane kurudi kwake.

Nisikudanganye. Ukiniuliza kama sikujua, nitakwambia nilijua. Jina la ugonjwa sikulijua, lakini vidole vyangu vilijua pale pale kwamba yale si maziwa. Niliogopa. Niliona nikimpeleka nitaulizwa kwa nini hukumleta zile mara mbili za kwanza. Ndiyo nikachagua uzi na sindano!

Kaka yangu hakugundua kitu kwa miezi mitano. Atagunduaje, na mimi nilishafunika? Aligundua siku Zaina aliposhindwa kuinua mkono wa kushoto kuanika nguo. Akambana, akafunguliwa dera, akaona. Alinipigia analia, kaka yangu mtu mzima yule, ananiuliza, "Dada, hili limeota lini?"

Hospitali tulikwenda watatu. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Wala hao vijana wa kiume niliowatishia hawakuwepo. Akamtazama, akamgusa kwapani, akavua glavu, akakaa chini.

"Mama, hii umeanza kuiona lini?"

Zaina akageuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, na afadhali angekasirika. Kisha akamwambia daktari, "Si siku nyingi."

Kaka yangu alikuwa amesimama pembeni. Na mimi nikanyamaza! Mtu anadanganya juu ya uhai wake ili kunisitiri, na mimi nipo kimya natazama sakafu ya watu.

Daktari akasema tumechelewa. Akasema angeletwa mapema wangekuwa na mengi ya kufanya. Hakumtaja mtu, lakini kila neno lilikuwa langu.

Kaka yangu alipokwenda dirisha la dawa, Zaina akanishika mkono. "Usimwambie, wifi. Atakuchukia, na mimi huenda nisiwepo kuwapatanisha."

Walimpa rufaa ya Dar es Salaam kwa matibabu ya saratani, akakaa miezi. Nywele zikaisha, mwili ukaisha. Alipoturudia akaletwa kwangu awe karibu na hospitali, nikamuuguza, namlisha, namkosha, namfulia. Watu wakasema wifi kama huyu hapatikani. Kila wakisema, natamani ardhi inimeze.

Alifia nyumbani kwangu, hapahapa Mabawa, asubuhi, wanawe wakinywa chai. Nilikuwa miongoni mwa waliomkosha. Nilichokiona sitakisema, kasoro ya maiti ni amana. Hiyo amana nimeijua leo. Alipokuwa hai niliiita siri, nikaishonea sponji.

Jeneza lilipotoka, shehe akasema kwa sauti, huku ndani wanawake wote tunasikia, "Jamani, kama kuna aliyekosewa na marehemu, amsamehe." Watu wakaitikia, "Tumemsamehe." Na mdomo wangu, huu huu usiokoma, nao ukaitikia, "Tumemsamehe." Mimi! Nimsamehe Zaina, kanikosea nini? Hakuna aliyeuliza nani aliyemkosea yeye. Angeuliza, sijui ningefanya nini. Nadhani ningenyamaza tena.

Siku ya hitima kaka yangu akanivuta pembeni. Akaniambia, "Dada, Mungu akulipe. Mwenzangu alisema huna mfano, siri zake zote zilikuwa kwako." Nikamwambia amina. Sasa ni mwaka na nusu. Naambiwa nimekonda, nasema ni sukari. Sina sukari mimi.

Zaina aliniomba nisiseme, nami nimetii. Lakini kutii kwangu si kwa kumheshimu marehemu, ni kwa kujificha nyuma ya kaburi lake. Nimechoka. Nimeandika haya kwanza kwenu nyie nisiowajua ili mdomo uzoee. Jumapili nakwenda Maramba kumwambia kaka yangu mwenyewe. Akinifukuza, haki yake.

Dada zangu, kujipima endeleeni, ni jambo jema, na namba iandikeni. Lakini titi moja likizidi lenzake ghafla, au likawa zito, au ngozi ikageuka, au mkono ukagusa kitu kwapani, usitafute sidiria nyingine. Usimpigie muuza sidiria. Nenda kwa daktari. Huenda ikawa si kitu, basi na akwambie yeye kwamba si kitu.

Na nyie mnaofunda wari, lile somo la kuficha kasoro liondoeni, au muongeze kwamba ugonjwa si kasoro.

Na wewe mwenye wifi, mtanie utakavyo. Lakini siku akikwambia "nipeleke", funga mdomo, vaa baibui, mtoke. Mimi nilimrudisha Zaina kwao na sponji kifuani, na kutoka mlangoni kwangu mpaka hospitali, kwa bajaji, ni dakika kumi.