Mkimbiaji Aliyefunga

Asubuhi ile niliamka Majengo, Meru, nikaona chumba kimenichosha. Nilikunja nguo zangu, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo, nikapanda lori la ndizi bila kuuliza linaelekea wapi. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule darasa la saba. Lori liliponishusha Embu, nilifuata mlio wa filimbi mpaka kwenye uwanja wa chuo kimoja.

Wanafunzi walikuwa wakikimbia kati ya vibao viwili, kwenda na kurudi, na filimbi ikizidi kuwaharakisha. Nilisimama kwenye kibanda cha uji kando ya uwanja, nikamuuliza mama mpishi wanafanya nini.

"Wanapimwa pumzi," alisema. "Wanaodumu ndio wanaingia timu ya mbio ndefu."

Msichana mmoja mrefu alisimama mapema, akainama, mikono magotini. Rafiki yake alimshika mkono akamleta kivulini kwetu.

"Huyu mwaka jana aliwaacha wavulana," mama aliniambia. "Leo sijui ana nini."

"Hajala tangu juzi," rafiki akasema. "Amefunga. Anaombea nafasi kwenye timu."

"Si ungenyamaza," msichana akamwambia.

Nilimweleza nilichokiona Majengo, kwamba vijana wanaocheza mpira mwezi wa Ramadhani husogeza mazoezi karibu na saa ya kufungua saumu, na kile chakula cha kabla ya alfajiri hawakikosi.

"Hao wana mpango wao, anko. Mimi nilimwahidi Mungu sitakula mpaka orodha itoke. Nikila halafu nikose nafasi, nitajilaumu maisha yangu yote."

Mama alikuwa akikoroga uji wa wimbi, hata hakuinua macho.

"Mungu alikusikia tangu juzi," alisema. "Sasa anangoja miguu. Ama ulitaka akimbie badala yako?"

Rafiki alicheka. Msichana naye akacheka, kisha akafuta macho kwa ukosi wa fulana. Alikishika kikombe cha uji alichopewa na mama muda mrefu, midomo ikimcheza kwa sala fupi, ndipo akanywa, kidogo kidogo kama mama alivyomwagiza.

Kocha alipokuja na daftari lake, rafiki alimweleza yote.

"Kwa nini hukusema? Nilidhani ulilala tu likizo nzima."

"Ungenicheka, mwalimu."

"Ningekupeleka jikoni." Alifikiri kidogo. "Orodha inatoka Jumatatu mchana. Asubuhi hiyo saa moja utarudia kipimo, peke yako. Mpaka siku hiyo hukimbii. Unakula na kulala."

Alipoondoka, mama aliniangalia. Jikoni mwa chuo hawawashi moto mapema, akasema, na yeye hutoka mbali, hufika saa moja na nusu.

"Na wewe mwenye maswali mengi, unalala wapi?"

"Sijui bado."

"Kuna chumba hapo nyuma, cha magunia. Kaa mpaka Jumatatu, umpikie uji."

Niliyasukuma magunia ya wimbi ukutani, nikatandika mkeka. Jioni msichana alipita kurudisha kikombe.

"Usiufanye mzito, anko. Mzito hunilalia tumboni."

"Unataka kuunywa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Nipate masaa mawili."

Alipokwenda zake nilimuuliza mama kuni kavu zinawekwa wapi.