Ukingo wa Nishani

Sonara huyu watu walimwita Kioo, na jina likamkaa. Ukimpelekea pete iliyofubaa mpaka inafanana na kipande cha bomba, alikurudishia kitu ambacho ungeweza kujitazamia ukachana nywele. Majirani walimtania kwamba mkewe humficha sufuria, asije akazing'arisha mpaka zikatoboka. Kioo alicheka pamoja nao. Sifa zilimwingia, tena zilimwingia barabara.

Asubuhi moja mama yake mkubwa aliingia pale kazini akipapasa ukuta. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akabaki kuona vivuli tu. Huyu ndiye aliyemlea Kioo tangu mama yake mzazi alipofariki, na mumewe, marehemu sasa, alikuwa mwanajeshi. Mama mkubwa alikaa, akafungua mkoba, akatoa nishani mbili za shaba. Alikuwa amezifunga kwenye nailoni na kuzitia sandukuni. Unyevu ukazifuata humo humo, zikaota ukungu wa kijani, wa ungaunga, na tepe zake zikashika madoa.

"Wajane tumeitwa kwenye gwaride," alisema. "Nataka nizivae. Nitolee huu ukungu tu, mwanangu. Usizing'arishe. Baba yako mkubwa hakuwahi kuzing'arisha."

"Sawa, mama. Wewe niachie mimi."

Neno hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye. Kwani kazi yenyewe aliijua. Unachukua kijiti cha mbao na brashi laini, unauchokoa ukungu punje kwa punje bila kuigusa ile rangi ya kahawia ambayo shaba imejivika kwa miaka. Unafuta kwa spiriti, unakausha kabisa, kisha unapaka nta nyembamba ili unyevu na jasho la mikono visipate pa kuingilia. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Na siku ile palikuwa na bwana harusi mtarajiwa mlangoni akisubiri pete zake, akikohoa kikohozi cha kumkumbusha mtu.

Kioo aliwasha mashine ya kung'arishia. Alijiambia ataigusa nishani moja juu juu tu. Gurudumu la kitambaa likazunguka, ukungu ukatoka kama mchezo, shaba ikaanza kuwaka, mkono ukanogewa. Alizima mota, akaigeuza nishani kutazama ukingo, pale palipochongwa jina la baba mkubwa. Palikuwa laini kama ganda la yai.

Alikaa kitako. Bwana harusi alimuuliza kama kuna tatizo, akajibu hakuna.

Nyumbani aliisukuma sahani kando. Mkewe alimbana mpaka akasema.

"Si una kalamu ya kuchongea?" mkewe alimwambia. "Chonga upya. Mama mwenyewe haoni."

"Ndiyo maana roho inaniuma. Angekuwa anaona ningethubutu?"

"Basi mwambie ukweli."

Kioo hakumwambia ukweli. Kesho yake alijifungia, akalichonga jina lile kwa herufi zilizonyooka, nzuri kuliko alizowahi kuchonga maishani. Kisha akaipaka nishani rangi ya kuizeesha. Ile nyingine hakuigusa. Aliogopa kuiharibu nayo.

Mama mkubwa alipokuja kuzichukua, Kioo alimwekea ile moja kiganjani, akaanza kuzungumza habari za jua na vumbi.  Kidole gumba cha mama mkubwa kilikuwa tayari ukingoni, kikitembea taratibu, kikafika mwisho wa jina, kikarudi mwanzo, kikatembea tena.

"Aliyechonga hapa alikuwa na haraka," alisema. "Kwenye nishani zote mbili herufi ya mwisho ilipanda juu kidogo, ikaacha mstari. Macho yalipoanza kufifia, kabla sijazifungia sandukuni, kila nikitaka kulala nilikuwa naipitia kwa kidole. Leo imekaa sawa na wenzake."

Kioo aliinamia meza.

"Umelifuta, mwanangu?"

"Nimelifuta, mama. Nilitia mashine. Kisha nikaliandika tena ili usijue."

Hakumgombeza, na Kioo alitamani sana agombezwe. Mama mkubwa aliifunga nishani ile kwenye leso, akaomba na ile nyingine. Alipoambiwa haijasafishwa alisema, "Afadhali." Kioo alitaka kumshika mkono amvushe barabara. Mama mkubwa aliutoa mkono wake polepole, akasema ataomba mtu njiani.

Siku ya gwaride Kioo alisimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji. Aliwaona wajane wamekaa safu ya mbele, vifua vinawaka jua. Mama mkubwa alikuwa na nishani moja tu, ya kijani, imeacha unga kwenye gauni lake jeupe. Mama mmoja jirani yake alimwinamia, akawa anamfuta doa kwa kitambaa. Kioo aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Akaondoka kabla bendi haijamaliza kupiga.

Ilipita miezi hawajaonana ila kwa salamu za kutumana. Hata siku moja Kioo alipomsikia mama mkubwa akipapasa ukuta wa kazini, alidhani ni mteja mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huu ukungu unaila," alisema, akaiweka nishani ya kijani mezani. "Masonara wa madukani wote wana mashine. Wewe najua ulipokosea. Fanya, ila mimi nakaa hapa hapa."

Akavuta kiti mpaka magoti yakagusa meza. Kioo alifungua utepe, akachukua kijiti, akaanza. Mteja aliyeingia aliambiwa aje kesho. Kila alipomaliza kipande kidogo alimpa mama mkubwa nishani, naye akaipitia kwa kidole, akairudisha. Walipofika kwenye jina, ilimbidi Kioo apumzike, jasho lisidondokee shaba. Kijani kilipotoka kwenye mikato ya herufi, mama mkubwa alipapasa kwa muda mrefu kuliko mwanzo.

"Ipo," alisema, kidole kikiwa kwenye herufi ya mwisho, pale inapopanda.

Kioo aliipaka nta, akaisugua kwa kitambaa cha pamba, akaifunga kwenye karatasi kavu na kumsihi asiirudishe kwenye nailoni.

"Na ile nyingine, mama? Naweza kulifuta lile nililochonga."

"Ufute tena?" Mama mkubwa alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Iache. Nikifa utaichukua wewe. Sina hamu nayo, lakini siwezi kuitupa."

Kioo alitaka kuomba msamaha kwa maneno yaliyopangika, maana alikuwa ameyapanga miezi yote ile. Badala yake akakusanya kijiti na brashi. Mama mkubwa alisimama, akaunyoosha mkono, na safari hii alikubali kushikwa mpaka ng'ambo ya barabara. Huko akamwambia aishie hapo, akaendelea peke yake akigusa kuta za maduka, na Kioo akabaki amesimama, asijue kama amesamehewa au amevumiliwa tu.