Baba Peke Yake Wodini

Kaloki alipoingia wodi ya watoto pale Voi, bintiye akiwa amefungwa kwa leso kifuani, swali la kwanza aliloulizwa halikuhusu homa.

"Mama mtoto yuko wapi?" sista alimuuliza, mikono yake tayari ikiifungua leso.

"Yuko Saudia, sista. Kazini."

Sista alimaliza kuifungua leso. Alimpapasa mtoto utosini, akakuta pamevimba, akamwita daktari kwa sauti iliyomfanya Kaloki auegemee ukuta.

Mtoto, Kasyoka, hakuwa hata ametimiza mwaka. Ugonjwa ulianza kama mafua ya kawaida, na Kaloki akampa dawa ya maji ya homa aliyonunua dukani. Asubuhi yake mtoto aligeuza macho, mwili ukakakamaa, akaanza kutetemeka. Kaloki alitoka mbio hadi barabarani, akapata bodaboda, na kutoka Marungu mpaka Voi hakusema lolote ila kumwambia dereva aongeze mwendo.

"Ni homa ya uti wa mgongo," daktari alimwambia baadaye. Alikuwa binti mdogo kuliko Kaloki, mwenye macho ya mtu asiyelala. "Tumeshamwanzia sindano."

"Atapona?"

"Baba, tunampigania."

Kaloki alikuwa fundi wa kujenga, kazi zikipatikana. Zisipopatikana alikuwa mkulima, na shamba lile la Marungu halikuwa na huruma: ndengu zilizosazwa na jua zililiwa na ndovu. Ndiyo sababu yeye na mkewe Mwende walikaa chini wakakubaliana kwamba Mwende aende Uarabuni miaka miwili, na Kaloki abaki na mtoto. Walikubaliana wote wawili, bila ugomvi. Lakini majirani walipomwona mwanamume anateka maji na mtoto mgongoni, walisema yao. Wengine walicheka. Wengine walimhurumia, na hao ndio walimuumiza zaidi.

Wodini alikuwa mwanamume peke yake. Akina mama walilala vitandani pamoja na watoto wao, lakini usiku wanaume hawakuruhusiwa, kwa hiyo jioni alimwacha Kasyoka mikononi mwa masista, akaenda kujilaza kwenye benchi nje. Asubuhi, akina mama walipokuwa wakioga na kunyonyesha, aliambiwa asubiri kwanza. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, kila kitanda kilizungukwa na watu, chupa za chai na mikebe ya chakula. Kaloki alikaa akimtazama mtoto aliyelala na mpira puani, maziwa yakishuka tone kwa tone. Mzee mmoja wa kanisa alikuja mara moja, akaomba kwa sauti kubwa, akaondoka. Na kila zamu mpya ilipoingia, swali lilikuwa lile lile: mama mtoto yuko wapi? Ilifika mahali akawa anajibu kabla hajaulizwa.

Kitanda cha pili kilikuwa na Tryphena, mama kutoka Chawia, na bintiye Shanice aliyeugua kichomi. Tryphena alimfundisha Kaloki kumgeuza mtoto ubavu bila kuvuta mpira wa puani. Usiku, bila kuombwa, aliamka kumwangalia Kasyoka.

Mwende alikuwa na nafasi ya kupiga simu Ijumaa tu. Ijumaa ya kwanza Kaloki alitoka nje kabisa, akasimama karibu na geti.

"Mtoto yuko wapi? Washa video nimwone," Mwende alisema.

"Amelala. Halafu bando limeisha."

"Mbona kuna kelele?"

"Niko mjini. Nimemwacha kwa jirani kidogo."

Alimdanganya kwa sababu hakuona faida ya kumwambia. Pasipoti ya Mwende ilikuwa kwa mwajiri. Angefanya nini huko zaidi ya kulia akiosha sufuria za watu? Ijumaa ya pili akamdanganya tena. Safari hii mvua ilikuwa inanyesha na aliongea akiwa barazani mwa wodi. Tryphena alikuwa dirishani, akasikia.

"Baba Kasyoka," alimwambia alipoingia, "huyo ni mama yake. Unamnyima hata kulia?"

"Mama Shanice, tafadhali. Wewe mume wako anakuja hapa kila siku."

Akajuta papo hapo. Tryphena aliendelea kumfuta Shanice uso. Siku chache baadaye Shanice akaruhusiwa kwenda nyumbani. Tryphena alimwachia Kaloki nusu pakiti ya majani ya chai na namba yake ya simu, na kwa muda mrefu Kaloki alikitazama kile kitanda kilichobaki na godoro tupu bila shuka. Kikaingiwa na mama mwingine. Naye akauliza.

Ijumaa iliyofuata alimwambia Mwende kila kitu: degedege, sindano, mpira, na kwamba homa imeshuka ila mtoto amelegea kama nguo mbichi. Akangoja kelele. Hazikuja.

"Nilijua," Mwende alisema mwishowe. "Wiki mbili hunionyeshi uso wake, Kaloki. Nilijua. Nilikuwa naogopa kukuuliza."

"Pole."

"Usiniache tena nje. Hata ikiwa ni mbaya." Sauti yake ilikatika, ikarudi. "Mwekee simu sikioni."

Aliiweka upande wa kushoto, uliokuwa juu. Mwende aliita jina la mtoto, akaliita tena, kisha akaimba wimbo wa Kikamba aliokuwa akimbembelezea. Kasyoka hakupepesa jicho. Kaloki aliendelea kuishika simu pale pale mpaka wimbo ukaisha.

Nafuu ilikuja pole pole. Kwanza alilia, kilio chembamba cha hasira alipochomwa sindano, na Kaloki akatoka nje kuficha machozi yake. Kisha akameza uji kwa kijiko, mpira ukatolewa. Shingo iliendelea kumwangukia. Kabla hawajaruhusiwa, daktari alipiga makofi karibu na kila sikio la mtoto, akarudia, akaagiza kipimo.

"Sikio la kulia linasikia. La kushoto, sidhani kama litarudi."

"Lakini lipo moja," Kaloki alisema.

"Lipo, baba."

Nyumbani Marungu, shamba lilikuwa limekanyagwa na ndovu hadi kwenye mlango wa jiko. Hakuligusa. Kila asubuhi alimkalisha mtoto ndani ya beseni lililoshindiliwa nguo, akimnyoosha miguu kama alivyoelekezwa kliniki, akiongea naye upande wa kulia. Aliongea sana, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye. Alimweleza habari za mbuzi, za saruji iliyopanda bei, za Mama Shanice, ambaye yeye Kaloki hakuwahi kumpigia kumwomba radhi. Jioni moja kichwa kilisimama wima, kikabaki hivyo. Baada ya majuma kadhaa akakaa bila beseni. Akaanza kusema "ba".

Ijumaa moja Mwende alitokea kwenye video, kilemba kichwani, akitabasamu kwa uso wote. "Kasyoka! Kasyoka wangu!"

Mtoto alisikia. Aligeuka, akaitazama ile sura, midomo ikapinda, akajificha shingoni mwa baba yake akilia.

Kaloki alimpapasa mgongo. "Ni usingizi," akaanza.

"Usianze tena," Mwende alisema. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Hanijui. Ni sawa. Yuko hai, anikatae tu." Akajifuta macho. "Mnataka kula?"

"Tulikuwa tunaanza."

"Egemeza simu mahali, mle. Mimi nitawaangalia tu."

Aliiegemeza kwenye sufuria. Akampakata mtoto, akamega ugali, akauchovya kwenye mchuzi, akapuliza upoe. Mwende aliwatazama mpaka sauti ya mwanamke ilipomwita kwa Kiarabu na kioo kikawa cheusi. Kasyoka alifungua kinywa akingoja tonge jingine, na Kaloki akampa.