Siku Nilipogawa Pipi za Mke Mwenzangu

Jumamosi ile pale nyumbani Mahongole tulikuwa watu watano. Mimi mwenyewe. Mzee wangu, mume wangu wa ndoa ya kanisani. Mdogo wake, shemeji yangu, fundi ujenzi, ambaye kati ya nyumba yake na yetu kuna ua wa matete tu. Binti yangu wa pili kuzaliwa, aliyeolewa Njombe mjini. Na mtoto wake wa kwanza, mjukuu wangu wa kike, mwenye habari hii. Watoto wa katekisimu siwahesabu, maana walipita tu, ingawa ndio waliokula. Majina ya wote ninayo kichwani, hata ya wale watoto na ya ubatizo wao, lakini mjukuu amesema nisiyaandike. Mimi niliishia darasa la nne, nikikatazwa na msomi natii.

Mjukuu huyu namwita mke mwenzangu, kwa sababu babu yake anamwita mke mdogo. Kisukari kilimpata akiwa kidato cha pili, kile cha kuchoma sindano kila siku, siyo cha vidonge kama cha sisi wazee. Alikonda mpaka sketi ya shule ikawa inamzunguka kiunoni. Alipokuja kukaa kwetu ili auze kwenye duka la pembejeo pale Makambako, afya ilikuwa imerudi lakini mikono bado mabua. Akishika mfuko wa mbolea, wanaume wanamnyang'anya. "Weka chini, dada, utavunjika." Hilo lilimuuma kuliko sindano.

Basi akamwendea babu yake mdogo, yule fundi. Fundi akachanganya saruji na kokoto, akajaza makopo ya rangi na kuyagandisha kwenye ncha mbili za bomba la chuma. Akatengeneza vyuma viwili, kimoja chepesi na kimoja kizito. Kila akitoka kazini, mke mwenzangu anaenda nyuma ya jiko, anatoboa kidole, anapima sukari, anaandika kwenye daftari, ndipo anainua. Mzee anakaa kwenye kigoda anamhesabia kwa Kibena. Akimaliza anapima tena. Na kula! Mayai, maharage, maziwa, viazi kwa kipimo. Mwaka haujaisha, gauni la kanisani likambana mabegani. Nilifumua mshono kwa mkono wangu huku naimba.

Mama yake ndiye ambaye hakufurahi. Aliwahi kumbeba mtoto huyu mikononi akiwa amezimia sukari ikiwa imeshuka, na kitu kama hicho hakitoki machoni. "Mama," aliniambia kwenye simu, "siku akianguka na chuma kiko juu yake je?"

Hapo ndipo na mimi nikaharibu. Alhamisi nilikuwa nafagia nyuma ya jiko, nikakuta kopo la maziwa ya unga limefichwa nyuma ya vyuma. Nikafungua. Pipi! Zimejaa mpaka juu. Mgonjwa wa kisukari na pipi! Sikumuuliza mwenyewe. Nilimpigia mama yake: "Mwanangu, njoo. Mwenzetu anakula pipi kwa siri." Naye akajibu kwamba Jumamosi anakuja, atazame hayo mazoezi kwa macho yake, na asiporidhika anaondoka na mtoto siku hiyo hiyo. Mke mwenzangu alipoambiwa mama yake anakuja, maana pipi sikumtajia, hakulala vizuri. Duka analipenda, na vyuma anavipenda zaidi.

Jumamosi asubuhi watoto wa katekisimu wakapita. Nikawagawia pipi zote, moja moja, nikarudisha kopo tupu mahali pake. Nikajiona nimeokoa nafsi.

Mchana nikamwambia mjukuu chakula tayari. Akachoma sindano yake ya chakula. Mara simu: mama yake ameshuka stendi. Mimi nikafunika chungu. Kwetu mgeni akishafika mjini, hakuna anayeonja kabla yake.

"Bibi, nimeshachoma, inabidi nile sasa," akasema.

"Dakika kumi tu, mke mwenzangu. Usinitie aibu."

Binti yangu akaingia, akasalimu kwa Kibena, "Kamwene," wala hakukaa. "Nionyesheni kwanza hivyo vyuma. Nitakula baadaye."

Mjukuu akatoboa kidole, namba ikawa nzuri, akaona dakika tano hazidhuru. Akainua kile chepesi, Mzee akihesabu kwa sauti ya kwaya. Akapumzika. Akashika kizito, akakipandisha, akakishusha, akakipandisha. Mama yake kakunja mikono. Mara nikaona mikono ya mtoto inatetemeka na jasho linamtoka kwenye baridi ile. Akakiweka chuma chini taratibu, akakaa kwenye majani, akavuta kopo lake.

"Bibi, pipi zangu ziko wapi?"

"Pipi gani?"

"Bibi!"

"Nimewapa watoto wa katekisimu."

"Zote?" Mzee akauliza.

"Zote."

"Basi leteni chai ya sukari," binti yangu akapiga kelele.

Sukari yenyewe nilishaipiga marufuku ndani ya nyumba. Mzee akainuka: "Ulanzi upo!"

"Ulanzi ni pombe, Babu, utanishusha zaidi," akasema mjukuu, kwa utulivu kama anamhudumia mteja. "Babu mdogo, una soda? Ya kawaida, yenye sukari."

Shemeji hakuzunguka mlangoni. Alipita katikati ya ua, matete yakalia pwaa, akarudi kwenye tundu lile lile na soda ya machungwa, kaifungua kwa meno. Mjukuu akanywa. "Robo saa," akasema, "halafu napima." Tukasimama kumzunguka kama watu wanaosubiri matokeo ya darasa la saba. Akapima. Inapanda.

Kugeuka, binti yangu anatoka ndani na begi la mtoto. "Twende Njombe. Nimeona ya kutosha. Vyuma vitaniulia mwana."

Mke mwenzangu aliniangalia mimi tu. Machozi yalimlenga, yeye ambaye kwenye sindano halii.

Nikasema, "Mwanangu, weka begi chini. Vyuma havina kosa. Alichoma sindano, mimi nikafunika chungu kwa ajili yako. Alijiwekea pipi za kujiokoa, mimi nikazigawa. Kama kuna mtu wa kupelekwa Njombe akachungwe, nichukue mimi."

Binti yangu akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia.

"Yaani, Mama, umewapa watoto wa Baba Paroko dawa ya mwanangu?"

"Na walisema asante," nikajibu.

Shemeji akaangua kicheko akaegemea ua uliobaki, nao ukaenda chini. "Shemeji," akaniambia, "Jumamosi ijayo wagawie na sindano!"

Tukala, mjukuu kwanza, mgeni baadaye. Huku tunakula akafungua daftari, akamwonyesha mama yake siku baada ya siku: kabla ya kuinua, baada ya kuinua, alipokosea na alichokirekebisha. Mama yake alisoma mpaka viazi vikapoa. Akamshika mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza, akaubonyeza tena kama anachagua parachichi.

"Baki," akasema. "Ila bibi yako afundishwe."

Nimefundishwa. Sasa kidole naweza kukitoboa, namba naweza kuisoma, na chungu nakifunua kwa saa ya sindano hata askofu akiwa njiani.

Jioni, kabla mama yake hajapanda kosta, mke mwenzangu alipima, akakishika tena kile chuma kizito. Safari hii aliyehesabu ni mama yake, kwa Kibena, kwa kelele. Mimi nimeandika aliinua mara kumi. Mzee anashikilia ni kumi na mbili, na shemeji anasema sisi wote hatukuwa tunatazama chuma, tulikuwa tunatazama ua ulioanguka. Aliyekuwepo akiona nimekosea, aje anisahihishe. Nimeandika kwa penseli.