Niliomba Clutch Ngumu, Nikapewa Ngumu Kweli

Wakuu, hamjambo popote mlipo. Mimi ni wa hapa Kisumu, msomaji wa kimya wa jukwaa hili kwa miaka mingi.

Leo nimeamua kuandika kwa sababu kila wiki naona mtu akiuliza hapa, "Nifunge clutch gani isiyoisha?" Na jibu huwa ni lilelile: weka ya racing, usahau.

Mimi nililifuata jibu hilo. Nitawaeleza ilivyokuwa bila kujipamba, na pale nilipokuwa mjinga mtaniona nikiwa mjinga.

Gari yenyewe ni hatchback ya bluu, ya Kijapani, turbo, manual. Niliinunua kwa daktari mmoja wa Milimani ambaye alikuwa anaipeleka kanisani na kuirudisha, basi. Ilipofika kwangu maisha yake yalibadilika.

Tuko na kikundi cha autocross. Jumapili mbili kwa mwezi tunakodi uwanja wa murram upande wa Ahero, tunapanga koni, tunashindana na saa. Kila mzunguko unaanza na launch: unapandisha revs, unaachilia clutch ghafla, gari inaruka. Siku moja unaweza kufanya hivyo mara kumi na tano.

Clutch ya kwanza ilidumu miezi saba. Ya pili minne. Harufu ya clutch iliyoungua mnaijua, ukishaisikia mara moja huisahau.

Sasa hapa nisimame kidogo. Jumatatu hadi Ijumaa hiyo gari siendeshi mimi. Mke wangu, Mama Hawi, ni mwalimu wa shule moja huko juu Riat, na ndiye huenda nayo kazini. Mimi kazi yangu iko mjini, natembea kwa mguu. Kwa hiyo gari ilikuwa na madereva wawili, lakini kichwani mwangu ilikuwa na mmoja.

Nikaenda kwa fundi wangu wa siku zote.

"Nitafutie clutch ngumu," nikamwambia.

"Ngumu kabisa?"

"Ngumu mpaka ikatae kuisha."

"Iko moja boss. Plate ni ya ceramic, na pressure yake ni kali. Hiyo utawaachia watoto."

Wasiojua, pressure ndiyo ile sahani yenye springi inayobana plate, yaani diski ya clutch, kwenye flywheel, lile gurudumu zito la injini. Ikibana kwa nguvu zaidi, clutch haitelezi. Lakini nguvu hiyo ndiyo mguu wako unapigana nayo kila unapokanyaga. Haya nayasema leo kama mtaalamu. Siku hiyo niliposikia "kali" nikatabasamu.

Jumapili iliyofuata nilishika namba moja. Gari ilikuwa inaondoka ukiiachilia tu, hakuna kuteleza, hakuna harufu. Nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi.

Jumatatu jioni Mama Hawi akarudi, akaweka mkoba mezani, akakaa akisugua goti la kushoto.

"Baba Hawi, hiyo clutch yako ni ngumu."

Nikacheka kwa raha. "Si nilikuambia?"

Wakuu, nilichukua simu nikaandika kwenye group letu la WhatsApp: "Hata mwalimu amekubali hii kitu ni ngumu." Wanaume wakanimwagia vidole gumba.

Alhamisi akarudia. "Ni ngumu sana, bwana. Kwa jam mguu inatetemeka."

"Itazoeleka."

"Itazoea ama mimi ndio nitazoea?"

Nikamwambia vyote viwili, nikaendelea na chakula changu. Wiki iliyofuata akasema tena, mara ya tatu. Sikumbuki hata nilimjibu nini, na hilo linaniuma.

Sasa, barabara ya kupanda Riat mnaijua. Ijumaa moja asubuhi kulikuwa na lori limekwama kwenye mlima, magari yanasogea hatua moja yanasimama, hatua moja yanasimama. Alikanyaga clutch ile labda mara hamsini. Kuna wakati mguu ukamwishia kabisa. Clutch ikashika ghafla, kwa sababu ceramic haina mambo ya polepole, inashika au haishiki. Injini ikazima. Alipokanyaga tena ili awashe, kabla hajashika breki, gari ikaanza kurudi nyuma.

Nyuma yake kulikuwa na boda imebeba mama mmoja na gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Usenge. Mama yule aliruka. Mwenye boda naye akaruka. Gari ikapanda gurudumu la mbele la pikipiki, ikasimama hapo.

Hakuna aliyeumia, nashukuru Mungu mpaka leo. Rim ilipinda na omena ikamwagika barabarani. Lakini watu walijaa, na mnajua watu wakijaa. "Mama hajui kuendesha!" "Nani alimpa hii gari?" Mwanamke ameendesha miaka kumi na moja bila mkwaruzo, na wanafunzi wake walikuwa wanapita hapo kwenda shule, wanamwona mwalimu wao analia kwenye usukani.

Alinipigia simu. Akaniambia gari imerudi nyuma, imegonga boda.

Swali langu la kwanza, wakuu, na niliahidi sitajipamba, lilikuwa hili: "Clutch imenuka?"

Akakata simu.

Jioni hiyo aliniwekea funguo mezani. Hakugomba. Akaniambia tu kuanzia Jumatatu ataenda na boda, na akaenda na boda kweli, wiki sita, mvua na jua. Ukimgusia mambo ya kuendesha anasema, "Hapana, mimi sijui gari." Yeye aliyenifundisha mimi kureverse nikiwa bado na kadi ya L ya wanaojifunza.

Nikajaribu kuomba msamaha, nikagundua sijui naomba msamaha wa nini hasa. Wa swali? Wa kutosikia? Nilikuwa nadhani shida ni kwamba ile clutch haijalainika, basi nikapeleka gari kwa fundi mwingine nikasikie atasema nini.

Huyu ni Mzee Athumani, ana gereji ndogo mjini karibu na msikiti. Babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake ni cha nyumbani, si kama chetu sisi tulichookota shule na sokoni. Akazungusha gari mara moja, akashuka.

"Hii inaendeshwa na nani?"

"Mimi, Mzee. Na mama watoto."

"Mlete."

Ilinichukua siku nne kumshawishi. Alikuja kwa heshima ya mzee tu. Mzee Athumani akamkaribisha kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, akamwambia, "Mama, kanyaga taratibu. Mara ishirini. Mimi nahesabu."

Kufika kumi na mbili goti lilikuwa linacheza. Nilikuwa nimesimama mlangoni naliona kwa macho yangu. Nilitaka ardhi inimeze.

"Tangu lini iko hivi?" Mzee akamuuliza.

"Tangu siku ya kwanza. Nilimwambia ni ngumu. Mara tatu nimemwambia."

Mzee akanigeukia. "Alikwambia?"

"Aliniambia, Mzee. Lakini mimi nilidhani anasifu."

Akacheka mpaka akavua kofia. "Nyinyi watu wa huku mna neno moja tu! Nyama ngumu, hesabu ngumu, mtu shujaa ngumu, kitu kisichoisha ngumu. Wewe ulitaka clutch *imara*, bwana. Ukaenda ukaomba ngumu, fundi akakupa ngumu. Kosa lake liko wapi?"

Mama Hawi akacheka pia. Kicheko cha kwanza baada ya wiki nyingi. Mimi sikuweza kucheka.

Kwa wale waliokuja kwa ajili ya clutch tu, hiki ndicho alichofanya. Alitoa ceramic, akaweka plate ya organic, isiyoshika ghafla kama ceramic, ya duara nzima, yenye springi katikati, na pressure iliyozidi ya kawaida kidogo tu. Flywheel ilikuwa na madoa ya bluu ya joto na haikuwahi kuchongwa tangu clutch ya kwanza, kwa hiyo kila plate mpya ilikuwa inaanza kazi ikiwa imeshashindwa. Akaipeleka kwenye mashine ya lathe ikanyooshwa. Halafu akanikataza launch mpaka plate ikae vizuri, na baada ya hapo akaniambia nipunguze revs za kuondokea.

Ina mwaka na nusu sasa. Jumapili bado naenda Ahero. Sishiki namba moja tena, niko ya tatu, ya nne. Clutch haijanuka hata siku moja.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwangu aliyekataa kusikia ni mimi, na guu lililolipa ni la mwenzangu. Kwa hiyo kabla hujauliza clutch gani inadumu, uliza kwanza ni mguu wa nani utakaoikanyaga asubuhi, kwa jam, mlimani. Na huyo mtu akikwambia neno, usiwe na haraka ya kulielewa vile unavyopenda wewe.

Wenye organic, wenye kevlar, nipeni uzoefu wenu. Na waliowahi kumsikia mtu vibaya hivi, msione haya, semeni hapa.

Mama Hawi alirudi kuendesha. Mwezi jana alimpeleka mama yake Katito na mimi nikiwa kiti cha abiria. Siku hizi kila akisimama, hata pale barabara ni tambarare kama meza, anavuta handbrake mpaka mwisho, anaangalia kioo cha nyuma, anaangalia tena. Nasikia ule mlio wa handbrake, kila mara.