Vali Iliyopumua Arobaini ya Baba

Bora nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, ingawa mtaa wetu wa Mbagala ulishanimaliza zamani, na mpaka leo nikipita dukani (nikipita, maana mie si mtu wa kupitapita) kuna mzee mmoja hujifanya amebanwa na kikohozi, anakohoa huku ananitazama, halafu anauliza kwa upole kabisa, "Hamisi, gari limepona?"

Wenzangu waliniita Konokono na sikuwahi kukasirika, kwa sababu tangu nimalize kidato cha nne nyumba nilikuwa nayo mgongoni: chumba kwa wazazi, na uani banda la mabati ambamo nilitengeneza redio, pasi na feni za watu, wateja wananifuata wenyewe, mie mjini natafuta nini? Ndivyo alivyonifuata Akbar, kijana wa Kihindi ambaye baba yake aliuza spea Kariakoo. Miaka hiyo vitu vya Dubai vilikuwa vinamwagika mjini kila kukicha, na Akbar naye akaletewa mtungi wa gesi ya kuongezea injini nguvu. Jumapili asubuhi yeye na wenzake walitafuta kipande cha lami kilichonyooka huko nje ya mji, magari mawili yanasimama sambamba, mtu anashusha kitambaa, na wa kwanza kufika ndiye mwanamume. Katikati ya mtungi na injini kulikuwa na vali ya umeme, dude la shaba la ukubwa wa ngumi: ukibonya kitufe inafunguka, tak, gesi inapita, gari linaruka kama limechomwa sindano; ukiachia inafunga. Ya Akbar ilikuwa haifungi.

"Hamisi bana, hii kitu inang'ang'ania," alisema. "Juzi nimeachia kitufe, gari inakwenda tu yenyewe, mpaka nimeingia kwenye mihogo ya watu."

"Kwani dereva alikuwa nani, wewe au gari?"

"Wewe cheka tu. Mimi nimesoma dua zote, mpaka za kusafiria."

Ilikuwa Jumamosi, na kesho yake ndiyo arobaini ya baba. Mtu mwenye akili angesema lete wiki ijayo. Mie nikasema acha hapo, na mtungi nao uache, kesho jioni uje uchukue.

Sasa niwaeleze habari ya baba, la sivyo hamtaelewa. Baba alikuwa na pumu. Siku zake za mwisho alipumua kwa namna moja ambayo sikutegemea kuisikia tena duniani: mvuto mrefu, mwembamba, kama mtu anayepandisha ndoo kutoka kisima kirefu, kisha kitu kinagota kifuani, tak, kisha kimya, mpaka unajikuta na wewe umezuia pumzi yako unamngoja. Alipokata roho mie ndiye niliyemshika mkono. Mama alikuwa ametoka na ndoo kwenda bombani kwa jirani, akarudi akakuta nimeshamfunga baba kidevu. Hakulia. Si siku ile, si msibani, si baada ya hapo. Alikaa eda yake ndani, kimya, akiulizwa anajibu neno moja tu, "Nilikwenda kuchota maji," na chakula anakisogeza pembeni. Kanga zilikuwa zinamzunguka mara mbili. Shangazi Tatu, dada yake baba, aliniambia waziwazi: "Mama yako asipolia, Hamisi, utachimba kaburi la pili."

Jumapili asubuhi, badala ya kubeba masufuria, nikajifungia bandani. Nikaipima ile vali kwenye kitransfoma changu cha redio bila gesi, ikapiga tak, tak, safi kabisa. Nikaifungua, koili, ule uzi wa shaba uliosokotwa, nzima, kile kifimbo cha chuma kinachopanda na kushuka ndani hakina kutu. Basi, nikajiambia, inakwama ikipata msukumo wa gesi tu, inataka kulainishwa. Nikaenda kuchukua mafuta ya cherehani ya mama, nikaidondoshea matone ya kutosha (mafundi wa gesi mnaonisoma, najua mafuta hayakai na gesi ile, nilaanini polepole). Nikaifunga kwenye mtungi, mdomo wa mpira wa kutolea nikauelekeza ndani ya debe tupu, nikafungua mtungi, nikawasha swichi.

Kimya. Nikazima, nikawasha. Kimya. Nikaigonga kwa bisibisi. Kimya.

"Hamisi! Majamvi yatajitandika yenyewe?" Shangazi akaita.

Nikaondoka nikijua vali imekufa. Sikuzima swichi, sikufunga mtungi, na wala sikujiuliza, mie fundi umeme mzima, kwa nini feni yangu ya mezani nayo ilikuwa imesimama. Ulikuwa mgao. Umeme ulikuwa umekatika.

Baada ya alasiri wanaume tulikaa barazani, wanawake uani pamoja na mama, maalim akaanza Yasini. Tulipofika katikati nikasikia watoto wa mtaa wa pili wanashangilia, "Umeme huooo!", nikasema moyoni alhamdulillahi, na sikuwaza zaidi. Kisha wanawake wakanyamaza. Nyie mnawajua wanawake wa uani, hata kwenye Yasini kijiko hakikosi kugonga sufuria. Vyote vikanyamaza.

Ndipo nikaisikia. Mvuto mrefu, mwembamba. Tak. Kimya. Na mie, naapa, nikazuia pumzi nikingoja.

Ikaja nyingine.

Maalim aliacha aya hewani. Shangazi Tatu akatokea mlangoni, uso umekuwa wa majivu, anaonyesha nyuma tu kwa kidole. Nikakimbia, na wanaume wote nyuma yangu. Mlango wa banda ulikuwa wazi, na chini, kwenye jua lile la Mbagala, moshi mweupe ulikuwa unatambaa sakafuni, wa baridi, unaturamba vidole vya miguu. Debe lilikuwa limeota barafu. Na mbele ya debe, amepiga magoti, alikuwa mama.

"Baba Hamisi," alikuwa anasema, taratibu, kama anamwamsha. "Nipo. Sikwenda mbali, nilikwenda kuchota maji tu."

Debe likavuta pumzi. Tak.

"Wifi, una eda! Wanaume hawa!" Shangazi alilia. Mama hakugeuka.

"Mama," nikasema, na sauti ilinitoka kama ya mbuzi, "si baba. Ni vali. Vali ya gari la Akbar. Umeme umerudi ndiyo ikafunguka. Tazameni, nazima." Nikashika waya, nikauchomoa ukutani mbele ya watu wote, nikauinua juu kama mtu aliyeua nyoka.

Kimya.

Halafu debe likavuta pumzi.

Mtu mmoja nyuma yangu alikimbia na kiatu kimoja. Maalim alianza Ayatul Kursiyu kutoka katikati. Shangazi akaninong'oneza, "Umekata umeme, mwanangu, na bado anapumua?" Nikainama niufunge mtungi, na mama akanidaka kifundo cha mkono. Sikujua kama bado alikuwa na nguvu zile.

"Usimguse. Mwache amalize."

Nikamwacha. Tulisimama pale, mtaa mzima, tukisikiliza. Pumzi zikawa fupi, zikaachana, zikaachana zaidi, vilevile, jamani, vilevile kama nilivyozisikia nimeshika ule mkono. Ikaja ndogo kabisa. Tukaingoja inayofuata, na haikuja. Mama akaweka kiganja juu ya debe kwenye ile barafu, akasema, "Inna lillahi," na akalia. Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, na wanawake wote wakampokea.

Na katikati ya kilio hicho, mlango wa uani ukafunguliwa, akaingia Akbar na miwani yake ya jua.

"Shikamooni. Hamisi bana, vali tayari? Gesi umenibakizia?"

Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze, maana watu waliokuwa wanatetemeka walinigeukia mmoja mmoja, na yule mzee wa dukani akaanza kukohoa kicheko. Mama akajifuta kwa upindo wa kanga, akamtazama Akbar kwa huruma kama yeye ndiye mfiwa.

"Imekwisha, mwanangu," akamwambia. "Pole sana." Kisha akaomba chakula.

Kesho yake niliipasua vali, nikakuta raba ya ndani imevimba kwa mafuta yangu na kuking'ata kifimbo, baridi ikakamilisha, ndiyo maana kilinasa na kuachia chenyewe hata waya ulipochomolewa. Kila kitu kina maelezo. Ila Akbar anashikilia mpaka leo kwamba mtungi ulikuwa umebaki na gesi kidogo tu, ya kujaribia, na kwamba isingetosha hata nusu ya muda ule. Mie sibishani naye.

Mafuta ya cherehani siyagusi tena, na swichi nazima hata kama hakuna umeme. Mgao ukiisha na watoto wakishangilia, mama huniita kutoka chumbani kwake:

"Hamisi, umezima?"

"Nimezima, mama."

Tunakaa kidogo, kila mtu chumbani kwake, tunasikiliza.